Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

Wiki ya tatu tangu msaidizi wetu wa ndani aje kwetu kutoka nchi nyingine, niligundua kuwa saa yake ya mkononi iko nyuma kwa saa mbili. Nikadhani betri imeanza kufa. "Dada, nipe hiyo saa kesho nikakubadilishie betri," nikamwambia, kwa ule ukarimu wa mwenye nyumba anayejiona mtu mwema. Akaifunika kwa kiganja. "Haijaharibika, mama. Hii ni ya kwetu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akarudi kwenye sinki, akafungua bomba, mazungumzo yakaishia hapo. Baadaye sana, alipokwisha kunizoea, alinieleza: akiitazama saa ile anajua sasa mwanawe ameamka, sasa anavaa sare, sasa bibi yake anamfokea kwa kuchelewa. Saa mbili si hesabu ngumu, hata mtoto wa chekechea ataipiga kwa vidole. Lakini hakutaka kupiga hesabu. Alitaka atupe jicho tu, awe huko.

Wakati ule mimi nilikuwa nimeshaamua kuwa shida yake ni kutozoea, na dawa yake ni wema. Nikamnunulia nguo. Nikamwambia ajisikie nyumbani. Nikimkuta macho mekundu namuuliza, "Una nini, dada?" Anajibu, "Sabuni imeniingia machoni, mama." Nami naondoka nimeridhika, maana nimeuliza.

Miaka imepita, na kila nikisikia waajiri wakilalamika kuwa "huyu wa kwangu amekumbuka kwao, hafanyi kazi, sijui nimsaidieje," narudi kwenye jambo lilelile. Tunampa pole, wakati anachokosa ni kuwa na sauti juu ya maisha yake mwenyewe: saa zake, ufunguo wake, hati zake, tarehe ya kurudi kwao. Pole haigharimu kitu, ndiyo maana tunaigawa ovyo. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hiyo kwa kawaida inamsema mgeni: mvumilieni, bado ana woga, hajazijua njia. Mimi siku hizi naisoma upande wa kamba. Nani ameifunga, ina urefu gani, na itafunguliwa lini?

Hali hii ya mtu kukumbuka kwao iliingia kwenye vitabu vya tiba zamani sana. Mwaka 1688, mjini Basel, Uswisi, kijana wa miaka 19 aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu watu wanaodhoofika kwa kukumbuka kwao. Akaunganisha maneno mawili ya Kiyunani, nostos, yaani kurejea nyumbani, na algos, maumivu, akapata nostalgia. Leo neno hilo tunalisikia kwenye habari za nyimbo za zamani na picha za utotoni. Kwa Hofer lilikuwa jina la ugonjwa wa kumlaza mtu kitandani. Mmoja wa wagonjwa anaowasimulia ni msichana wa shamba aliyeanguka, akapelekwa hospitalini katikati ya watu asiowajua. Alikataa chakula, akakataa dawa, na kila aliyemsemesha alimjibu kuwa anataka kwao. Aliporudishwa kwao akapona kwa siku chache. Mwingine alikuwa kijana wa Bern aliyekuwa akisoma Basel, na huyu ndiye anayenivutia zaidi, kwa sababu nafuu yake ilianza njiani. Kwao bado kulikuwa mbali, mama yake hajamwona, lakini mwili ulikuwa umeshapata habari kwamba safari imeanza.

Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1909, Karl Jaspers, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri wa Ujerumani, alichapisha tasnifu yake kuhusu kukumbuka nyumbani na uhalifu. Ndani yake mna visa vya wasichana wadogo waliopelekwa kulea watoto kwenye nyumba za watu, wakaishia kuchoma nyumba au kumdhuru mtoto waliyekabidhiwa. Naliandika hili kwa tahadhari, maana najua yuko mwajiri atakayefika hapa akaenda kununua kamera. Asome tena. Wasichana wale hawakuwa na kisasi na familia zile. Walikuwa watoto, hawakuona njia ya kusema "nataka kuondoka" ikasikilizwa, na kwa akili ya kitoto wakaona kuwa kazi ikiisha watarudishwa kwao. Nyumba ikiungua, kazi imekwisha. Kamera isingemsaidia yeyote kati yao. Kilichokosekana ni mtu mzima mmoja wa kuwauliza, akasubiri jibu.

Wanasaikolojia wa siku hizi wameacha kuiita hali hii ugonjwa. Kukumbuka nyumbani ni jambo la kawaida, karibu kila anayeondoka huonja. Swali lao ni kwa nini wengine huonja wakaendelea na maisha, wengine wakazama. Shirley Fisher, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliliandikia sana jambo hili katika miaka ya 1980, na Christopher Thurber na Edward Walton wakalirudia mwaka 2007 katika jarida la Pediatrics, wakizungumzia watoto na vijana. Jibu moja linajirudia: anayezama mara nyingi ni yule anayeona kuwa mambo yake hayamo mikononi mwake. Hakuchagua kuondoka, au alichagua lakini hawezi kuchagua kurudi; kazi inamlemea na hana la kuamua ndani yake.

Sasa chukua hilo uliweke ndani ya nyumba. Mfanyakazi wa kiwandani zamu ikiisha anavua ovaroli, anapanda gari, anakwenda kulalamika kwa mkewe. Msaidizi wa ndani anavua aproni, anakaa ukingoni mwa kitanda, na dakika tano baadaye anasikia: "Dada, umeiona rimoti?" Kitanda chake kiko hatua kumi kutoka kwenye sinki. Taa ya korido inazimwa na mwingine. Saa ya kuoga inategemea bafu liwe tupu. Hata kulia kuna ratiba yake: ni baada ya watoto kulala na kabla ya baba kuja jikoni kutafuta maji. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2013 walikuwepo wafanyakazi wa ndani milioni 11.5 waliokuwa wahamiaji. Si wote wanaolala kwa waajiri wao, lakini wanaolala huko wako wengi wa kutosha kuwa nchi nzima isiyo na bendera.

Ugomvi mwingi unaanzia kwenye simu. Nimewasikia waajiri wakisema: akiongea na kwao analia, asipoongea anafanya kazi vizuri, basi simu nitaishika mimi, atapewa mwisho wa wiki. Hoja hii si ya kipumbavu kabisa. Kambi nyingi za likizo za watoto hubana simu za nyumbani kwa sababu hiyohiyo, kwamba sauti ya mama hufumua kidonda kilichoanza kufunga. Lakini kambi ni ya wiki mbili, na anayekwenda huko ni mtoto ambaye hakuna anayemtegemea. Mwanamke aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili ameacha nyumba inayoendeshwa kwa simu: karo imelipwa au haijalipwa, mtoto ana homa, mdogo wake anataka kuuza kiwanja cha marehemu babu. Kumnyang'anya simu ni kumwachisha umama kwa amri.

Usiku mmoja nilisimama kwenye mlango wa jikoni, hakuniona. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye bomba, anakausha sahani huku anaongea na mwanawe. Mtoto alikuwa na miaka sita, na kama walivyo watoto wa miaka sita alikuwa ameshachoka kuongea. Akailaza simu kitandani, akaenda kucheza. Kwenye kioo ilibaki dari tu, taa moja inaning'inia kwenye waya wake, na kwa mbali sauti za watu wanabishana. Sikuelewa kwa nini hakati. Alikausha sahani zote, akazipanga, akafuta meza, na kila mara akigeuka kuitazama ile dari.

Nilikuja kuelewa baadaye. Hivyo ndivyo watu wanavyokaa nyumbani. Hakuna anayekaa na mamaye akiongea naye macho kwa macho saa nzima. Kila mtu ana lake, sauti zinapishana, mlango unafungwa, mtu anapiga chafya. Alikuwa amekaa nao. Simu ya dakika kumi kwa wiki, ya kuulizana hali huku mwajiri anaangalia saa, haiwezi kumpa mtu kitu hicho. Intaneti ya kutosha inaweza. Na saa inayofaa inaweza zaidi: kazi zetu zilikuwa zikiisha saa tano usiku, kwao ni saa tatu, mtoto ameshalala. Tulipohamisha saa yake ya simu ikawa saa mbili asubuhi, wanangu wakiwa wameshaondoka na wa kwake ndiyo kwanza anaamka, nyumba nzima ilibadilika. Hatukutoa senti.

Nisiwaache ndugu waliobaki nyumbani, maana nao wana ncha ya kamba. Kuna wafanyakazi wanaoiogopa simu yao wenyewe, kwa kuwa kila ikilia ni orodha: saruji, hospitali, mchango wa harusi, fulani kafukuzwa shule. Ukiwa na dada au binti huko nje, mpigie siku moja bila kuomba chochote. Mweleze kuku wamekula nini, jirani kamtukana nani. Umbea ni dawa ambayo hatuipi heshima yake.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua nikilala. Mwezi wake wa nane, simu ya kaka yake iliingia kwangu mimi, si kwake. Baba yao amefariki. Kaka akaniomba nimfiche kwanza, "asije akachanganyikiwa huko peke yake, mama, tutamwambia taratibu." Mimi nilikubali haraka mno. Nyumba ilikuwa na wageni wa siku nne. Nilijiambia namwonea huruma, na sehemu ya hilo ilikuwa kweli. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa na vitanda vya kutandika na watu wa kulisha.

Siku ya tatu akaisoma kwenye kundi la ukoo. Mtu wa mbali, pengine hakujua kuwa yeye hajaambiwa, aliandika "poleni sana kwa msiba" na watu thelathini wakaitikia. Kufikia hapo mazishi yalikuwa yamekwisha. Alikuja sebuleni akiwa na simu mkononi, akasimama mbele ya wageni wangu, akaniuliza jambo moja tu: "Mama, ulijua lini?"

Sikuwa na jibu linalosemeka. Nimewahi kuwasimulia hili waajiri wenzangu na wengi wao hunitetea: ulifanya kwa nia njema, angefanya nini, asingewahi hata hivyo. Huenda asingewahi. Lakini angelia siku ambayo wenzake wanalia. Angeomba aonyeshwe kaburi kwa simu, angechagua nguo ya baba yake, angetuma neno likasomwa. Sisi, kaka yake na mimi, tulimwondolea hata nafasi ya kuchelewa. Na baada ya hapo, ukitaka kujua kukumbuka nyumbani kunavyokua, tazama: kila simu ikichelewa kupokelewa kwao, aliamini kuna aliyekufa na anafichwa. Hofu hiyo tulimpandia wenyewe. Msiba wa mtu ni wake. Aambiwe siku hiyo, na mtu aliye naye, akiwa amekaa, kazi za siku hiyo zikiwa zimeondolewa mikononi mwake kabla hajaombwa kuchagua. Kama kuna uwezekano wa kusafiri, uamuzi uwe wake, na gharama izungumzwe waziwazi badala ya kuachwa ining'inie.

Siku ya mapumziko ina maneno yake. Mkataba Namba 189 wa ILO, uliopitishwa Juni 2011, unataka mfanyakazi wa ndani apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na unasema wazi kwamba anayelala kwa mwajiri halazimiki kubaki ndani ya nyumba katika muda huo. Nchi nyingi hazijauridhia, lakini hakuna sheria inayomkataza mwajiri kuufuata nyumbani kwake. Hofu inayotajwa sana ni kwamba akitoka atakutana na wenzake "wamfundishe maneno." Ni kweli, watamfundisha. Watamfundisha mishahara ya wengine ikoje, daktari gani ana lugha yao, njia ipi ya kutuma fedha ina makato madogo, na kwamba mwezi wa nne huwa mgumu kuliko wa kwanza, na wa tano unaachia. Hili la mwisho hakuna mwajiri anayeweza kumwambia akaaminika.

Anayefika Hong Kong Jumapili ataona katika eneo la Central maelfu ya wanawake wamekaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kando ya majengo ya mabenki, wanasukana nywele, wanakula, wanacheza karata, wanafunga vifurushi vya kupeleka kwao. Wapita njia wengine hukereka. Mimi naona hospitali kubwa isiyo na paa. Singapore ilianza kutambua siku ya mapumziko ya kila wiki mwaka 2013, ila mwajiri na mfanyakazi wangeweza kukubaliana ilipwe fedha badala ya kupumzikwa. Kuanzia Januari 2023 walau siku moja kwa mwezi haiuziki tena. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mtu mwenye deni atauza kila siku unayomruhusu kuuza, kisha utamshangaa kwa nini amenyong'onyea.

Wangu, siku ya kwanza ya mapumziko, hakwenda popote. Alilala hadi saa saba mchana. Nikaona nimepoteza wema wangu bure. Wiki ya pili alikaa kwenye benchi nje, akarudi. Ya tatu ndipo alipotoka kweli. Wanaokuambia "nilimpa siku akakataa mwenyewe" mara nyingi walimpa siku moja, wakamtazama.

Kuna Pendekezo Namba 201 linaloambatana na mkataba ule wa ILO. Linazungumza hata juu ya kitasa: chumba cha faragha, chenye hewa, chenye kufuli, na ufunguo apewe mfanyakazi. Niliposoma kifungu hicho mara ya kwanza nilikiona cha kupindukia. Ufunguo, ndani ya nyumba ambamo hatufungi milango? Lakini mwenye nyumba hahitaji ufunguo wa chumba chake kwa kuwa nyumba nzima ni yake. Aliyepewa kona ya stoo nyuma ya pazia hana hata ukuta wa kubandika picha ya mtoto wake, sembuse mahali pa kuanguka akalia kwa sauti. Mengine ya chumbani ni madogo, nayapita haraka: asipangiwe achote chakula cha aina gani, apewe siku ya kupika cha kwao akitaka, asilazimishwe kufurahia kila sherehe ya nyumba, na sala yake isivunjwe kwa kuitwa.

Kisha kuna ule usemi wetu mtamu: "Wewe hapa ni mtoto wetu." Nimeusema, nao ulinitoka moyoni. Tatizo lake ni kwamba mtoto wa nyumba halipwi kwa saa, haombi likizo, hakatai kuamshwa usiku wa manane. Kila nilipomwita mtoto wetu, ilikuwa vigumu kidogo zaidi kwake kuniambia kuwa mshahara umechelewa siku sita. Naye, kwa kuwa hawezi kusema mshahara umechelewa, anasema amekumbuka kwao. Hapo ndipo waajiri wengi hupotea. "Nataka kwetu" wakati mwingine ni jina la heshima la mambo mengine: fedha haijaja, bwana mkubwa ananitazama vibaya, nalala saa tano, mtoto wenu mkubwa ananitukana. Mtu huyu ana kwao tayari, ana mama tayari. Kabla ya kumbembeleza, mwajiri akague kwanza nyumba yake.

Na akague pia anachokiomba. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild aliliita jambo hili mnyororo wa malezi, mwaka 2000: mama mmoja anaacha watoto wake akalee wa mwingine, na nyuma yake wa kwake wanalelewa na dada mkubwa, au bibi, au mwanamke mwingine maskini zaidi. Tunataka amlee mtoto wetu kwa mapenzi ya kweli, tena tunamsifu kwa hilo, huku tukishangaa mapenzi hayo yakimtoa machozi. Siku mwanangu wa mwisho alipong'oka jino la kwanza, yeye ndiye aliyelishika. Akalifunga kwenye karatasi, akanipa, akaingia chumbani. Wa kwake alikuwa ameng'oka mwezi uliopita, akaonyeshwa pengo kwenye kioo cha simu.

Sikusema kwamba kila huzuni inatibika kwa ufunguo na ratiba. Akipita wiki nyingi hali chakula, halali, hajibu simu za kwao, au akianza kuzungumza kana kwamba kufa ni kupumzika, hilo limevuka kukumbuka nyumbani. Hapo ni daktari, haraka, na mkalimani asiwe mwajiri.

Nimebakiza kamba fupi kuliko zote: hati na tarehe. Pasipoti ikae kwake. Mkataba 189 unalisema hilo, lakini hata bila mkataba, muulize mtu yeyote analalaje akijua kitabu chake cha kusafiria kiko kwenye kabati la mwingine. Deni la wakala ni kamba nyingine. Aliyekopa ili apate kazi hawezi kufikiri juu ya kurudi bila kufikiri juu ya mdai, na kwa hiyo hata siku njema inamlemea. Na tarehe ya likizo iandikwe, si "tutaona mwaka ukiisha." Yule kijana wa Bern alipata nafuu njiani. Wa kwetu alipata nafuu tiketi ilipolipiwa.

Maana aliomba kuondoka. Mwezi wa kumi na nne, mkataba ukiwa umebakiza kumi. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilipiga hesabu ya ada ya wakala, nikapiga hesabu ya nguo, nikafika hata kwenye betri ya saa ambayo sikuinunua. Mume wangu akaniuliza kama namdai au namlipa, nikanyamaza. Tuliilipia tiketi. Wiki tatu za mwisho alifanya kazi akiimba, kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo, na mimi nilizisikia nyimbo zile kama tusi mpaka siku ya uwanja wa ndege, alipoanza kulia kwenye foleni akiwa amemshika mwanangu, na mwanangu hataki kumwachia.

Hupiga siku hizi, asubuhi, saa mbili yetu. Wa mwisho anaikimbilia simu, anamwonyesha jino jipya, anamuuliza mambo mawili matatu, kisha anachoka, anailaza simu kwenye kochi na kwenda kuchezea magari yake. Wiki iliyopita nilipita hapo nikaona simu bado iko hewani. Kwake alikuwa ameiweka mahali pia, dari na taa kwenye waya, na mtoto anasoma kwa sauti, anakwama kwenye neno, anarudia. Niliiacha palepale, nikaenda kuosha vyombo.